Mkweche na Mafundi Wake

Wahenga walisema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukitaka kuujua ukweli wa maneno haya, msomaji, simama kando ya njia gari jipya linapopita. Watoto huacha mchezo wao, wazee hugeuza shingo, na kila mtu hutaka kujua limenunuliwa na nani na kwa kiasi gani. Kisha lipite gari kuukuu, bati lake limeliwa na kutu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na moshi umetanda nyuma yake. Hapana anayeligeukia ila yule atakaye kulicheka. Hata lugha yetu imelipa jina la dhihaka: mkweche.

Lakini historia haipimi vitu kwa rangi yake. Mwanahistoria akikuta ukuta wa kale huko Gedi, huuliza ulijengwa na nani, uliwafaa akina nani, na nini kiliuangusha. Maswali hayo hayo tunaweza kuyauliza juu ya mkweche. Vitabu vimeandika mengi juu ya watu waliobuni motokaa, na machache mno juu ya watu walioziweka njiani baada ya wenye viwanda kuzisahau. Katika nchi kama yetu, kundi hili la pili ndilo lililotuchukua kwenda sokoni, hospitalini na shuleni.

Kwanza fahamu kwamba kuharibika kwa gari ni jambo la tangu mwanzo. Karl Benz wa Ujerumani alipata hataza ya gari lake la petroli mwaka 1886, lakini wanunuzi walikuwa adimu. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilichukua gari hilo pasipo kumwambia mumewe, akafuatana na wanawe wawili, Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Hapakuwa na kituo cha petroli popote duniani, basi alinunua mafuta katika duka la dawa mjini Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka, aliukinga kwa ukanda wa soksi. Kibao cha breki kilipolika, alimwendea mshona viatu akakipigilia ngozi. Penye vilima vikali, watoto walishuka wakasukuma. Angalia basi, msomaji: safari ndefu ya kwanza ya motokaa ndiyo pia matengenezo ya kwanza ya njiani, na fundi wake alikuwa mama wa nyumba aliyetumia vitu alivyokuwa navyo mwilini.

Miaka 20 baadaye, huko Marekani, Henry Ford alianza kuuza gari lake aina ya Model T. Kati ya mwaka 1908 na 1927 yalitengenezwa zaidi ya milioni 15. Bei ilianza kwenye dola 850, ikashuka hata chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920, ndipo mkulima wa kawaida alipoweza kulinunua. Lilikuwa gari rahisi kufunguliwa na kufungwa, nalo lilikuwa na ukaidi wake. Liliwashwa kwa kuzungushwa mkono wa chuma mbele ya injini, na mkono huo uliporudi nyuma kwa ghafula uliweza kumvunja mtu kifundo. Petroli ilishuka kwenye injini kwa uzito wake tu. Basi kwenye mlima mkali, tangi likiwa na mafuta machache, hayakufika. Madereva wakajifunza kugeuza gari na kuupanda mlima kinyumenyume! Waliocheka walicheka, lakini walifika.

Sasa turudi kwetu. Nchi ya Kenya ni mtihani mkali kwa gari lolote. Mombasa iko kandokando ya bahari, ambako hewa ya chumvi hula bati mchana na usiku. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukiendelea kwenda Limuru unapita mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani huiletea injini petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na gari hukohoa na kutoa moshi mweusi. Kadhalika maji ya rejeta, ambayo pwani huchemka kwenye nyuzi 100 za selsiasi, kwenye mita 2,000 huchemka karibu na nyuzi 93. Mambo haya unayasoma katika somo la fizikia. Dereva wa mkweche huyasoma kando ya njia, boneti imeinuliwa na mvuke unapiga mluzi. Naye hujua kwa maumivu kwamba kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kabla hakijapoa.

Ugumu wa njia zetu ulipata sifa duniani mwaka 1953, yalipoanzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakaitwa Safari. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi saba tu. Mengine yalilala katika matope na makorongo. Lakini mwaka unaotufaa zaidi katika habari hii ni 1965. Mwaka huo ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, waliingia na Volvo aina ya PV544. Halikuwa gari jipya: lilikuwa la mtumba, lililokwisha kupata misukosuko ya mashindano kabla ya kufika mikononi mwao. Joginder alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa mshindani. Alijua kila msumari wa gari lake. Wakashinda, wakayaacha nyuma magari mapya ya makampuni makubwa. Ushindi ule uliwaonyesha watu wengi kwamba umri wa gari ni jambo moja, na utunzaji wake ni jambo lingine.

Wakati huo huo mkweche ulikuwa ukifanya kazi nyingine isiyopigiwa makofi. Kampuni ya mabasi ilikuwa ikifanya kazi Nairobi tangu mwaka 1934, na mwaka 1966 ilipewa na Baraza la Jiji haki ya kuwa peke yake katika uchukuzi wa abiria mjini. Lakini mji ulikuwa ukikua upesi, na mabasi hayakufika kila mtaa wala kila kijiji cha karibu. Watu wenye magari makuukuu, Ford Thames na mengine ya namna hiyo, walianza kuchukua abiria kwa nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi. Kutokana na hesabu hiyo likazaliwa jina la matatu. Polisi waliwakamata, nao wakarudi njiani, kwa kuwa abiria walikuwa wakiwangoja. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba matatu zichukue abiria pasipo leseni ya uchukuzi iliyotakiwa hapo awali. Mkweche ukawa halali.

Usidhani kwamba mwenye gari la namna hii alikuwa tajiri. Mara nyingi alikuwa mtu aliyeuza ng'ombe, au aliyekusanya akiba ya miaka mingi, akanunua gari ambalo mwingine alikwisha kulichoka. Alfajiri betri haina nguvu. Kwa hiyo jana jioni aliliegesha mahali penye mteremko, akaweka jiwe chini ya gurudumu. Sasa huondoa jiwe, gari likashuka, akatia gia ya pili na kuiachilia klachi, na injini ikashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji akiwa usingizini. Siku hiyo imeanza vyema. Saa nne hupata pancha. Saa sita tangi la petroli huanza kuvuja, naye hulisugua kwa kipande cha sabuni mpaka tundu likazibika. Penye mlima utingo huruka na kigingi mkononi, ili gari likishindwa lisirudi nyuma. Jioni mapato huhesabiwa: hili la petroli, hili la oili, hili la fundi, hili la mkopo. Kinachobaki ndicho karo ya mtoto. Siku nyingine hakibaki kitu, na mtoto hurudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya ukanda wa feni uliokatika. Sisi walimu tumeyaona hayo madarasani, kiti kikiwa kitupu siku tatu au nne, kisha mtoto akarudi gari lilipopona.

Katika vijiji vingi gari moja kuukuu lilikuwa ndilo la kupeleka maziwa asubuhi, la kumkimbiza mgonjwa usiku, la kubeba bibi arusi Jumamosi na jeneza Jumapili. Watu walilicheka likiwa zima; lilipolala kwa mafundi kijiji kizima kililiulizia.

Na mafundi hao ni akina nani? Wengi hawakuwahi kuwa na paa juu ya vichwa vyao, na ndiyo sababu kazi yao ikaitwa jua kali. Walijifunza kwa kutazama: kijana alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akaendelea kushika spana, na baada ya miaka akaweza kuisikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua. Kwa miaka mingi askari wa mabaraza waliwafukuza na kuvunja vibanda vyao kama watu wanaochafua mji. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa kubwa juu ya ajira katika Kenya, ikasema kwamba kazi hizi ndogo ndogo ni sehemu ya kweli ya uchumi na zastahili kusaidiwa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaagiza wajengewe vibanda.

Mikononi mwa watu hawa hata gari lililokufa halikuzikwa. Springi ya lori ilitiwa motoni ikafuliwa kuwa panga au shoka. Tairi lililokwisha lilikatwa likawa akala, viatu visivyojua mwiba. Mpira wa ndani ulikatwa ukawa kamba za kufungia mizigo kwenye baiskeli. Na lile sanduku la bati unalolitia vitabu na nguo uendapo shule ya bweni, tazama kingo zake: yamkini limepigwa nyundo na jirani wa fundi wa magari huko Kamukunji. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hata hivyo historia iliyo ya haki haisemi mema tu. Matatu ziliongezeka upesi baada ya mwaka 1973, lakini uangalizi haukuongezeka sawasawa nazo. Breki iliyochoka, usukani uliolegea, tairi lililobaki upara, na abiria walioshindiliwa kama dagaa: mambo haya yaliua watu. Mwenye gari aliyesema, "Nitabadilisha breki mwisho wa mwezi," mara nyingine hakuufikia mwisho wa mwezi, wala abiria wake. Sheria ya mwaka 1984 ilizitaka matatu zipate leseni na kukaguliwa. Mwaka 2004 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alisimamia kanuni kali: mikanda ya usalama kwa kila abiria, vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni. Wenye magari walinung'unika, na kwa siku kadhaa maelfu ya watu walikwenda kazini kwa miguu. Hebu pima mwenyewe, msomaji: ni ipi iliyo nzito, taabu ya kutembea siku chache, au msiba wa nyumba ambayo baba hakurudi?

Kuna pia kanuni iliyotokana na kipimo cha serikali cha mwaka 2000, kwamba gari la mtumba lisiingizwe nchini likiwa limepita umri wa miaka minane. Kusudi lake ni njema, kwa kuwa nchi haipaswi kuwa jaa la nchi nyingine. Lakini kanuni hiyo yahesabu miaka tu. Gari la miaka mitatu lenye mwenyewe mzembe laweza kuua, na gari la miaka 30 lenye mwenyewe mwangalifu laweza kumfikisha kila mtu kwake. Sheria haina budi kuhesabu miaka, kwa sababu miaka yahesabika. Uangalifu hauandikwi kwenye karatasi za bandarini, nao ndio unaoshika breki.

Usipoziba ufa utajenga ukuta: fundi wa gari huifuata methali hii kila siku kwa spana yake. Yeye husikia mlio mdogo leo, akakaza msumari, na ajali ya kesho isitokee. Kwa kuwa haikutokea, hapana anayemshukuru wala anayeiandika. Ndiyo maana habari zake ni chache katika vitabu.

Basi wewe utakayekuwa mwandishi wa historia, waulize mafundi wa mtaani kwenu kabla hawajaondoka na habari zao. Uliza gari la kwanza kijijini lilikuwa la nani, liliharibika wapi, na nani alilitengeneza, kwa kifaa gani. Na siku utakaporudi nyumbani likizo, gari likazimika mlimani, utingo akawaomba abiria washuke, usikae kitini ukakunja uso. Tazama kwanza kama breki zake zashika, kisha shuka usukume.