Kutoka Kichakani hadi Altareni: Safari ya Neno Brashi



Ndugu wapendwa, Dominika iliyopita baada ya Misa, mmoja wa watumishi wetu wa altare alikuwa akikausha kile chombo tunachotumia kunyunyizia maji ya baraka. Akaniuliza: "Padre, hii brashi jina lake hasa ni lipi?" Nikamjibu kwamba kwa Kilatini huitwa aspergillum, nasi kwa Kiswahili twaweza kusema kinyunyizio. Yeye akaridhika, akaenda zake. Mimi ndiye sikuridhika. Swali lake lilinirudisha kwenye kamusi, nazo kamusi zikanipeleka mbali: kichakani, Misri, London, na mwishowe ghalani tunamohifadhi mahindi yetu. Juma hili naomba tuifuate safari hiyo pamoja.

Tuanze na neno lenyewe. "Brashi", au "burashi" kama wengine wanavyoandika, tumelipokea kutoka neno la Kiingereza "brush", na Waingereza nao walilipata kutoka Kifaransa cha kale. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana nyingi: ni chombo cha kusugulia au kupakia rangi, ni vichaka na matawi yaliyokatwa, ni mkia wa mbweha, ni kumgusa mtu kidogo tu unapompita. Katika Kifaransa cha kale jina la kichaka na jina la chombo yalifanana mno, na wanaisimu wengi huyahesabu kuwa ya ukoo mmoja. Jambo hili halishangazi, kwa maana fungu la vijiti kutoka kichakani ni chombo cha kusafishia ambacho hakihitaji fundi. Hata ile brashi iliyo ndani ya mota ya umeme, ambayo leo ni kipande cha kaboni, ilipewa jina hilo kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa mafungu ya nyaya za shaba.

Kiswahili chetu kimepita njia hiyohiyo. Mswaki ni mti, tena ni kijiti kinachokatwa katika mti huo na kutafunwa ncha hadi ichambuke. Jina lenyewe lina asili ya Kiarabu. Mwaka 1938 viwanda vya Marekani vilianza kuuza miswaki yenye nyuzi za nailoni badala ya manyoya ya nguruwe, na leo mtoto aliyeshika mswaki wa plastiki hajui kwamba anautaja mti.

Maandiko Matakatifu nayo yana brashi yake, na brashi hiyo ni mmea: hisopo. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, Waisraeli waliamriwa kutwaa fungu la hisopo, kulichovya katika damu ya mwanakondoo na kuipaka miimo ya milango. Katika Walawi, sura ya 14, hisopo ilitumika katika ibada ya kumtakasa aliyepona ukoma. Mtunga Zaburi ya 51, akilia kwa ajili ya dhambi yake, aliomba atakaswe kwa hisopo. Na kutoka Zaburi hiyo Kanisa la Kilatini lilichukua wimbo wa kunyunyiza maji, uitwao Asperges kwa neno lake la kwanza. Ndipo lilipotoka jina la kinyunyizio chetu. Tena Mwinjili Yohane anatuambia kwamba sifongo yenye siki ilinyanyuliwa kwa hisopo hadi kinywani mwa Bwana msalabani. Lakini hisopo haikuwa mti wa fahari. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, kikitaka kuonyesha upana wa hekima ya Sulemani, kinasema alinena habari za miti, tangu mwerezi wa Lebanoni hadi hisopo iotayo ukutani. Yaani tangu mkubwa kabisa hadi mdogo kabisa. Mungu alikichagua kile kidogo.

Warumi wa kale walikuwa na neno jingine. Brashi waliiita peniculus, maana yake mkia mdogo, na ile ndogo zaidi ya mchoraji wakaiita penicillus. Kutoka huko limetoka neno "penseli" ambalo watoto wetu hulitaja kila siku shuleni.

Hapa ndipo safari inapotufikisha kwetu. Mwaka 1729 Pier Antonio Micheli, mtaalamu wa mimea wa Florence, alitazama kwa hadubini kuvu fulani, akaona kichwa chenye vishina vilivyotawanyika, kikamkumbusha kinyunyizio cha maji ya baraka. Akaiita Aspergillus. Mwaka 1809 Mjerumani Heinrich Friedrich Link aliona kuvu nyingine iliyofanana na brashi ya mchoraji, akaiita Penicillium. Kuvu mbili, brashi mbili: moja ya kanisani, nyingine ya mchoraji.

Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aliona kwamba kuvu ya Penicillium iliyoingia katika sahani yake ya maabara ilikuwa imewaua vijidudu waliokuwa karibu nayo. Akakiita kitu hicho penisilini. Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford wakakifanya dawa, na mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Ni watu wangapi miongoni mwetu wangalikuwa kaburini bila ya dawa hiyo?

Na ile nyingine, yenye jina la kanisani? Aspergillus flavus huota katika mahindi na karanga zisizokauka vizuri, na humo huzalisha sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 msiba kama huo uliwapata ndugu zetu wa Dodoma na Manyara. Na pale isipoua kwa siku chache, sumu hii hudhuru ini polepole na kuleta saratani.

Ndugu zangu, sisemi kwamba jina lina laana. Katika ukoo huohuo wa Aspergillus imo kuvu ambayo Wajapani wameitumia kwa karne nyingi kutengeneza mchuzi wa soya, na katika ukoo wa Penicillium zimo zinazotoa sumu. Majina haya yalitolewa kwa kutazama umbo. Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 7, alitufundisha kuutambua mti kwa matunda yake.

Nayasema haya kwa sababu msimu wa mavuno huleta magunia mbele ya altare, nami huyanyunyizia maji ya baraka. Baraka hiyo ni ya kweli, lakini haikuwekwa ili ichukue nafasi ya kazi yetu. Sumukuvu haitoki kwa maji ya baraka, wala haiishi kwa kupika. Anika mahindi juu ya turubai au mkeka, usiyaanike kwenye udongo mtupu. Yakauke kabisa kabla ya kuingia ghalani. Yaliyooza na yenye ukungu yachambue, uyatupe.

Na hapa ndipo dhamiri inapoulizwa. Mara ngapi yale mabovu hatuyatupi, bali tunamuuzia mpika pombe, au tunampa kibarua kama ujira, au tunayaleta kanisani kama sadaka kwa ajili ya maskini? Mtu wa namna hiyo amefanana na kuvu ile: kwa umbo ni chombo cha kutakasa, na ndani yake ni sumu. Heri tuwe kama hisopo, mmea mdogo wa ukutani, usio na sifa mbele ya mwerezi, lakini damu ya wokovu ilipita mikononi mwake.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki ninyi na maghala yenu.

Padre wenu