Nani Amemshika Nani?

Mswahili akiugua, husema homa imemshika. Njaa humuuma, usingizi humchukua, mawazo humsumbua, hasira humpanda. Kiima ni adha. Mtu ni shamirisho tu, amesimama kando ya kilichomfika. Sasa fungua faili la mradi wowote wa jamii: utamkuta "mwathirika", "mraibu", "mhanga". Alichokuwa nacho kimeshakuwa yeye, na ngeli ya M-/WA- imempigia muhuri.

Michael White wa Adelaide, Australia, na David Epston wa New Zealand, walioandika pamoja kitabu cha mwaka 1990 kilichoitangaza njia ya kuwasaidia watu iitwayo kwa Kiingereza "narrative therapy", walijenga kazi yao juu ya kumtenga mtu na tatizo lake. Tatizo lipewe jina, lihojiwe: lilianza lini kumwandama, na siku gani lilishindwa? Mwenyewe ndiye anayejua.

Kuiita njia hii kwa Kiswahili ndiko kunakosumbua. "Tiba ya hadithi" haifai. Mjane aliyenyang'anywa shamba, akasimama mbele ya shemeji zake akaambiwa "hizo hadithi tu", hatalipenda neno hilo. "Simulizi" lina staha zaidi, ingawa walimu wa fasihi wamelitangulia. "Tiba" nalo linanuka dirisha la dawa. Lakini linalonikera hasa ni "ushauri nasaha": ushauri juu ya ushauri, kwa kazi ambayo mhudumu anatakiwa aulize na anyamaze! Mimi nasema "mazungumzo ya simulizi". Refu, najua.

Jina kando, kulihoji tatizo kuna mifano yake. Malawi, miaka ya 1990, washauri waliofanya kazi na Yvonne Sliep walikwenda vijijini na igizo. Mmoja anakuwa UKIMWI wenyewe, na wanakijiji wanauhoji: unaingiaje kwetu, nani anakufungulia mlango, unaogopa nini? Mwingine anaigiza upande wa matunzo, naye anaulizwa vivyo hivyo. Kidole kilichokuwa kikimwelekea jirani kinapata pengine pa kuelekea. Kwetu neno "mwathirika" limekuwa likipisha "anayeishi na VVU", na hapo sarufi inafanya kazi ileile: mtu anaishi, virusi ni wapangaji.

Zimbabwe ilitoa mchoro wa mti, ulioandaliwa na Ncazelo Ncube na David Denborough kwa ajili ya watoto waliofiwa. Mizizi ni asili ya mtoto, shina ni anayoyaweza, matawi ni matumaini, majani ni watu wake, wakiwemo marehemu. Dhoruba huzungumzwa baadaye, miti ya watoto ikishawekwa pamoja ikawa msitu. Atakayeuita "mti wa uzima" ajue kwamba watoto wa Kikristo watakimbilia bustani ya Edeni. "Mti wa maisha" unawatosha wote.

Tusijidanganye lakini kwamba lugha yetu imemaliza kazi. "Hasira zilinipanda" ndiyo kauli ya mume aliyempiga mkewe, na "shetani alinipitia" hufuata. Kulitenga tatizo si kumfutia mtu wajibu wake; swali linalofuata ni yeye alisimama upande gani hasira zilipopanda, na nani aliumia.

Ndugu mhudumu, ukijaza fomu, andika kwanza jina ambalo mwenyewe amelipatia tatizo lake. La ofisi liandike chini yake.