Furu wa Bibi

Bibi yangu alizaliwa Ukerewe. Kila tulipompakulia sangara alisema, "Hii ni nyama, si samaki." Alitaka furu, wale visamaki vidogo vyenye miiba mingi, waliokaushwa juani. Sisi wajukuu tulicheka. Tulidhani ni uzee.

Miaka mingi baadaye, niliposoma historia ya Ziwa Victoria, nilijua kwamba hatukumwelewa.

Furu ni jina moja lililobeba spishi zaidi ya 500, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wapo waliokula mwani, waliovunja konokono, na waliowinda samaki wenzao. Majike wengi hubeba mayai na watoto mdomoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki walionaswa na nyavu za utafiti.

Lakini serikali ya kikoloni iliwaona kama takataka. Nyavu za makila zilizoletwa mwaka 1905 zilikuwa zimekwishapunguza ngege, samaki aliyependwa zaidi. Maofisa wakafikiri: kwa nini asiletwe samaki mkubwa ale furu, nasi tumle yeye? Mwaka 1960 mtafiti Geoffrey Fryer aliandika kupinga wazo hilo. Alikuwa amechelewa. Sangara kutoka Ziwa Albert walikwishatiwa majini upande wa Uganda miaka ya 1950, na wengine wakaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kwa miaka ishirini hivi hakuna kilichoonekana kubadilika sana. Kwetu Mwanza, meli za kukokota nyavu zilivua furu wa kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara walilipuka. Ndani ya miaka michache furu walikuwa karibu hawaonekani tena. Wataalamu wanakadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka.

Sangara hakufanya kazi hiyo peke yake. Mbolea, maji taka na udongo wa mashamba vilirutubisha mwani, maji yakawa machafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba jike la furu humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa na giza, rangi hazionekani, na spishi zilizotengana huanza kuchanganyika. Tena sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama furu. Hubanikwa kwa kuni, na kuni ni miti.

Ningependa kumlaumu sangara na kuishia hapo. Siwezi. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha minofu, na ada yangu ya sekondari ilitokana na samaki huyohuyo. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, nasi tulinunua mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki. Tulishiba. Bibi naye alikula, akilalamika.

Mwaka jana nilikwenda soko la Mwaloni, Kirumba. Baada ya sangara kuvuliwa sana, baadhi ya furu wameanza kurudi, nami nilimkuta mama mmoja akiuza fungu dogo.

"Shikamoo mama. Hawa ni furu gani?"

"Marahaba mwanangu. Furu ni furu. Unachukua fungu?"

Nilichukua. Njiani nikakumbuka kwamba Bibi hakuwa na jibu kama hilo. Yeye aliwatenganisha kwa rangi, kwa umbo la mdomo, kwa mahali walipovuliwa, na kila mmoja alimtaja kwa jina lake la Kikerewe. Alikuwa akiyataja jikoni, nami nikisubiri amalize nikacheze.

Majina ya kitaalamu ya samaki waliotoweka yamo vitabuni. Majina ya Bibi sikuandika hata moja, na sasa hayupo wa kumuuliza.