Mshita, Mjohoro au Mgunga? Jina la Mti wa Sanduku la Agano

Mwamini anayesoma maagizo ya Mungu kwa Musa juu ya Sanduku la Agano (Kut 25:10) hukutana na mti ambao jina lake hubadilika kadiri ya Biblia aliyoishika. Katika Union Version ni mshita. Katika Biblia Habari Njema ni mjohoro. Kiebrania husema shitta, na kwa wingi shittim. Mti wenyewe ni wa jamii ile ambayo kwa Kiswahili cha kila siku tunaiita migunga.

Mshita si jina la mti unaojulikana kwetu. Watafsiri walilichukua neno la Kiebrania na kulivika kiambishi cha ngeli ya miti. Ni uaminifu kwa matini, lakini mchungaji wa mbuzi wa Dodoma hawezi kuuonyesha mshita kwa kidole. Mjohoro anaweza kuuonyesha, na hapo ndipo penye shida. Mjohoro tuujuao ni mti wa kivuli wenye maua ya njano, uliopandwa kando ya barabara na katika viwanja vya shule. Asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki, wala hauna miiba. Kwa maoni yangu, picha ya mti mwingine hudhuru kuliko neno lisiloeleweka, kwa maana asiyeelewa huuliza.

Mgunga, kwa upande wake, ni jina la miti kadhaa ya nchi kavu yenye miiba na majani madogo madogo. Mmojawapo, ule ambao matawi yake hutanda juu kama mwavuli na ambao maganda yake hupendwa sana na mbuzi, wataalamu huuita Vachellia tortilis. Spishi hiyohiyo huota Sinai na kusini mwa Israeli, nayo ni kati ya miti michache ya jangwa lile iwezayo kutoa mbao. Mungu, basi, aliwaagiza Waisraeli mti waliokuwa wakiupita njiani. (Mbao za hema zenye mikono 10, Kut 26:16, huwapa wafafanuzi kazi, kwani mgunga hupinda na kutoa matawi mapema, Sanduku la mikono miwili na nusu halina taabu hiyo.)

Zamani wataalamu waliiita miti hii yote Acacia, jina lililotoka katika Kigiriki. Mkutano wao wa Vienna wa mwaka 2005, uliothibitishwa Melbourne mwaka 2011, uliamua kwamba jina hilo libaki hasa kwa miti ya Australia. Migunga ya Afrika ikagawiwa majina ya Vachellia na Senegalia. Hivyo miwati ya Njombe, iliyoletwa kutoka Australia, bado ni Acacia, na mgunga wetu siyo tena.

Kuna neno jingine la Kigiriki, akakia, lenye maana ya kutokuwa na hila. Wahubiri wengine huyaunganisha. Yanafanana kwa sauti, lakini hayana undugu, na hakuna haja ya kujenga mafundisho juu yake, kwa kuwa Mapokeo yametuachia msingi ulio imara zaidi.

Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki, katika tafsiri iitwayo Septuaginta, hawakutaja mti kwa jina. Waliandika “mbao zisizooza”. Mtakatifu Yeronimo, katika Vulgata, alirudisha neno la Kiebrania, setim. Lakini Mababa wengi walisoma Kigiriki, nao wakaona katika Sanduku lisilooza mfano wa mwili wa Kristo, na baadaye wa mwili wa Mama yake. Papa Pio XII, alipotangaza fundisho la Kupalizwa Bikira Maria mbinguni mwaka 1950 kwa hati Munificentissimus Deus, alikumbusha jinsi wanateolojia na wahubiri walivyoitumia mbao hiyo isiyooza kama mfano wa mwili wa Bikira uliohifadhiwa na uharibifu wa kaburi. Ndiyo sababu Misa ya kesha ya sherehe hiyo husoma habari za Sanduku kuletwa Yerusalemu (1 Nya 15–16), na somo la kwanza la tarehe 15 Agosti huanza na Sanduku kuonekana hekaluni mbinguni (Ufu 11:19).

Msomaji wa Neno asome kama kitabu chake kilivyoandikwa, asibadilishe jina mimbarini. Kuutaja mgunga ni kazi ya mhubiri na ya katekista.

Jina hili lina matumizi mengine tunayoyapita bila kuyatambua. Shitimu, mahali Israeli walipomwasi Mungu kwa Baali wa Peori (Hes 25:1-3), ndipo Yoshua alipowatuma wapelelezi kwenda Yeriko (Yos 2:1), na nabii Mika anawakumbusha watu njia ya kutoka huko (Mik 6:5). Ni jina la mti lililogeuka jina la mahali, kama sisi tusemavyo Mbuyuni au Mkuyuni. Kwa Kiswahili tungepaita Migungani.