XML: Bei haikutajwa, kwa nini programu inaandika 0?

Duka la mtandaoni linapokea faili la XML kutoka kwa msambazaji wake. Ujumbe ni mfupi: bidhaa fulani imebadilishwa jina, basi. Bei haikutajwa kwa sababu haijabadilika. Muda si mrefu bidhaa ya shilingi 25,000 inaonekana dukani kwa shilingi 0, na wateja hawachelewi kuiona.

Ukilifungua faili, hakuna 0 popote. Kosa limezaliwa njiani, pale data ya XML ilipohamishiwa kwenye objekti za programu.

Skima inaruhusu, objekti hairuhusu

Kwenye XML, skima ndiyo inayosema kipengele kipi ni cha lazima na kipi ni cha hiari. Kipengele chenye minOccurs="0" kinaweza kukosekana kabisa na faili likabaki halali. Skima isipotaja kitu, minOccurs ni 1, yaani lazima kiwepo.

Objekti haina nafasi ya "hakipo". Klasi ikishatangaza sehemu iitwayo bei, kila objekti itakuwa nayo, faili liwe limeileta au halikuileta. Kama sehemu hiyo ni ya aina ya int, iwe kwenye Java au C#, lazima ishike namba. Isipopewa, inashika 0. Halafu 0 hiyo inaingia kwenye hifadhidata kama bei halali kabisa.

Kukosekana si sawa na kuwa tupu

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Bei inaweza kuwa na namba, na 0 nayo ni namba: huenda bidhaa inatolewa bure kweli. Inaweza isiwepo kabisa. Inaweza pia kuwepo ikiwa na alama xsi:nil="true", ambayo skima huiruhusu kwa nillable="true". Alama hiyo ni tamko: mtumaji anasema waziwazi kwamba thamani haipo.

Kwenye ujumbe wa kubadilisha taarifa, kukosekana mara nyingi humaanisha "usiguse", na nil humaanisha "futa". Programu ikizichanganya hizo mbili, itafuta kilichotakiwa kubaki.

Lebo tupu, <bei/>, ni kisa kingine. Kwa maandishi ni sawa, inasomeka kama neno lisilo na herufi. Kwa namba ni kosa, skima itaikataa.

Java

Dawa ya kwanza ni kuacha int na kutumia Integer, ambayo inaweza kuwa null. Zana ya xjc ya JAXB, inayotengeneza klasi kutoka kwenye skima, hufanya hivyo yenyewe: xs:int ya lazima inakuwa int, ya hiari inakuwa Integer. Shida huja kwa klasi zilizoandikwa kwa mkono, maana mtu huandika int kwa mazoea.

Kipengele kikiwa cha hiari na papo hapo kinaruhusu nil, null moja haitoshi kubeba maana mbili. Ndiyo maana xjc hutoa JAXBElement. Ikiwa null, kipengele hakikuja. Kikija na nil, isNil() inajibu kweli. Wasanidi wengi huiona kero na kuizima kwa generateElementProperty="false". Ni sawa tu kama mfumo hauhitaji kujua tofauti hiyo.

C#

XmlSerializer ina njia yake. Pembeni ya bei huwekwa sehemu ya bool iitwayo beiSpecified, yenye alama ya XmlIgnore. Kipengele kikisomwa inakuwa kweli, kisipokuwepo inabaki si kweli. Wakati wa kuandika inatumika hiyo hiyo kuamua kama lebo itoke.

Wengine hupendelea int? kwa kuwa ni fupi. Kusoma hakuna tatizo, ila wakati wa kuandika, null hutoka kama xsi:nil="true". Faili lililoingia bila bei linatoka likitangaza kwamba bei haipo. Anayelipokea huko mbele anaifuta.

Thamani ya msingi nayo ina mtego

Baadhi hutegemea default ya skima. Kwa sifa, default hujazwa sifa isipoandikwa. Kwa kipengele ni tofauti: hujazwa tu pale kipengele kipo lakini kitupu. Kikikosekana, hakuna kinachojazwa.

Kupima kabla ya kupeleka kazini

Yatosha mafaili madogo manne: lenye bei 25,000, lenye 0, lisilo na bei, na lenye nil kama skima inairuhusu. Kila moja lisomwe kuwa objekti, kisha objekti iandikwe tena kuwa XML na kulinganishwa na la mwanzo. Lisilo na bei likirudi na <bei>0</bei>, tafuta int kwenye klasi. Likirudi na nil, tafuta int?.