Gari la Dada wa Vitenge: Historia Fupi ya Ugonjwa wa Umeme Unaokuja na Kuondoka

Kuna dada mmoja hapa mjini, jina tunaliweka pembeni maana wengine mnamjua. Anauza vitenge Kariakoo na anaendesha Mark II GX100 nyeupe. Kwa miezi minne gari hilo lilimfanyia vituko. Asubuhi linawaka poa kabisa. Mchana, kwenye foleni ya Msimbazi, linazima ghafla bila hata kukohoa. Anaita fundi, fundi akifika gari linawaka mara moja, wanabaki kutazamana. Alishabadilisha betri, pampu ya mafuta na altaneta. Mtaji wa mzigo mzima ukaishia chini ya boneti, na dalali mmoja akaanza kumnyemelea ili alichukue gari kwa bei ya chuma chakavu.

Wadau, kabla sijawaambia iliishaje, turudi nyuma kidogo. Ugonjwa huu hapa mjini ni wa siku nyingi kuliko gari lenyewe.

Waulize wazee wa Gerezani. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, barabarani ilikuwa Peugeot 404 na 504, Volkswagen na Land Rover. Magari yale hayakuwa na kompyuta. Cheche ya plagi ilitoka kwenye koili, na pointi ndizo zilizofungua na kufunga umeme, kando yake kikiwepo kidude kidogo kinaitwa kondensa. Kondensa ikichoka, gari likipata moto linazima, likipoa linawaka kama hakuna kilichotokea. Umeona? Ni tabia ileile ya gari la dada yetu.

Tofauti ni kwamba fundi wa wakati ule hakuwa na nafasi ya kubahatisha. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zilikauka na spea zikawa adimu. Mwaka 1983 ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi, hata mwenye mzigo wake dukani akawa na wasiwasi. Kondensa ukiipata unaitunza kama dhahabu. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha kitu, fundi alitaka uhakika. Silaha yake ilikuwa balbu moja ndogo yenye waya mbili: anagusisha huku na kule, kama balbu inawaka umeme upo, kama haiwaki anarudi nyuma hatua moja. Gari likizima juani, analowesha kitambaa na kukifunga kwenye koili. Likiwaka baada ya hapo, anajua mtuhumiwa ni joto, na anajua pa kuanzia. Pointi zikiungua, hatupi, anazisugua kwa msasa zirudi kazini.

Halafu milango ikafunguliwa. Kuanzia 1984 watu wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na chini ya Mzee Ruksa mambo yakalegea zaidi. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika, usukani uko kulia kama wetu, bei inavumilika. Spea mtumba zikajaa Kariakoo hadi Gerezani. Raha sana, sikatai. Lakini hapo ndipo ile tabia ya "tubadilishe hiki tuone" ilipopata nguvu, maana kubahatisha kukawa rahisi kwa fundi. Anayelipia ni mwenye gari.

Na ugonjwa wenyewe ukahama makazi. Pointi hakuna tena, ila kuna relei, soketi na solda. Honda za mwisho wa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990 ndizo mfano maarufu: relei kuu inayopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta ilipasuka solda kwa ndani, mpasuko mwembamba kama unywele. Gari likikaa juani madirisha yamefungwa, haliwaki. Fungua milango, subiri kidogo, linawaka. Hebu fikiria gari la namna hiyo na jua la Dar la mwezi wa pili!

Mafundi wajanja nao hawakulala. Toyota nyingi za wakati huo zina kiboksi chini ya boneti, ndani yake kuna matundu yameandikwa TE1 na E1. Unaunganisha hayo mawili kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa ya injini kwenye dashibodi inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina kosa iliyolihifadhi. Ikikonyeza mara moja, ikapumzika, kisha mara nne, hiyo ni 14, kasoro kwenye mawasiliano ya mfumo wa cheche. Bure kabisa, hakuna mashine ya kukodi.

Siku hizi kila kona kuna kijana na tableti ya kupimia. Kifaa kizuri, ila kina mipaka. Kinakuambia sehemu gani imelalamika, hakikuambii waya gani umelegea. Na umeme ukikatika kuelekea kwenye kompyuta yenyewe, hakuna wa kuandika kosa. Gari la dada yetu lilipimwa mara tatu, majibu yakawa "safi."

Sasa turudi kwake. Shoga yake akampeleka kwa mzee mmoja wa Gerezani, wa enzi za balbu na waya.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Gari ikizima, taa za dashibodi zinabaki?"

Hakuwa amewahi kuangalia. Mzee hakufungua hata boneti, akamwambia aondoke, likizima tena aangalie dashibodi kisha abonyeze hazadi. Dada, mtu wa simu, likamzimia kesho yake akarekodi video. Dashibodi giza tupu, hazadi zinawaka vizuri. Basi hapo betri ni nzima, na umeme unapotea baada ya swichi ya ufunguo. Pampu na altaneta vilionewa bure.

Mzee akafungua plastiki chini ya usukani, akaacha injini inanguruma, akaanza kutikisa waya mmoja mmoja, taratibu. Kwenye fungu la nne gari likazima, pwaa! Ndani palikuwa na alamu iliyofungwa zamani na mtu asiyejulikana: waya wa swichi umekatwa, umesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu imeyeyuka imekuwa ulimbo, shaba imeota kutu ya kijani kwa hii hewa yetu ya chumvi. Kukiwa na baridi waya zinagusana, joto likipanda zinaachana.

Akaitoa alamu yote, akaunganisha waya kwa solda, akavalisha mpira. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko hela aliyolipa kuvutwa mara ya mwisho. Alamu yenyewe haijawahi kulia hata siku moja tangu dada alinunue gari. Dalali bado anapiga simu.