Ngome na Ziwa: Chimbuko la Riwaya ya Kigothi na Kitisho katika Hadithi za Grace Ogot

Utangulizi

Hadithi za kutisha za Grace Ogot zaweza kusomwa kwa njia mbili zilizo rahisi. Njia ya kwanza ni kuzichukua kuwa ghala la mila za Waluo, ambamo msomaji huingia ili ajue watu wa kale walivyotambika na walivyoogopa. Njia ya pili ni kuzihesabu kuwa tawi la riwaya ya Kigothi ya Ulaya, kwa kuwa zina laana, mizimu na vifo vya usiku. Njia zote mbili zina upungufu. Ya kwanza humnyima Ogot hadhi ya usanii. Ya pili humnyima chimbuko lake. Makala haya yanachunguza asili ya riwaya ya Kigothi nchini Uingereza, safari yake hadi kumfikia msomaji wa Kiswahili, na mahali pa Ogot katika historia hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba tofauti kubwa baina ya Ogot na watangulizi wa utanzu huu imo katika mahali anaposimama msimulizi. Wao walikiweka kitisho kwa jirani, ilhali Ogot alikiweka nyumbani.

Chimbuko la Riwaya ya Kigothi

Neno lenyewe lina historia ya dharau. Wagothi walikuwa miongoni mwa makabila yaliyoivamia Dola ya Rumi, na kufikia karne ya 18 wasomi wa Ulaya walilitumia jina lao kwa lolote la zama za kati walilodhani ni la kishenzi. Horace Walpole aliigeuza dharau hiyo ikawa mvuto. Mwezi Desemba mwaka 1764 alichapisha The Castle of Otranto bila kutia jina lake. Dibaji yake ilidai kuwa kitabu kilikuwa tafsiri ya kisa cha Kitaliano kilichochapishwa Naples mwaka 1529 na kukutwa katika maktaba ya ukoo wa Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza. Ni pale wasomaji walipokipokea vizuri ndipo alipokiri uandishi wake katika toleo la pili la mwaka 1765, na ndipo pia alipokiita hadithi ya Kigothi.

Kisa chenyewe kinahusu deni la ukoo. Manfred anatawala ngome ambayo babu yake aliipata kwa hila na mauaji. Siku ya harusi ya mwanawe, kofia kubwa ya chuma inaanguka na kumponda bwana harusi. Kwa hofu ya kukosa mrithi, Manfred anataka kumwoa mchumba wa marehemu, na mwishowe anamchoma kisu binti yake mwenyewe, Matilda, akidhani ni mwingine. Dhambi ya babu inalipwa na wajukuu. Kuta za ngome zinaporomoka, mrithi wa haki anajulikana, na sheria ya ukoo inathibitika.

Tayari mwaka 1757 Edmund Burke alikuwa ameeleza katika falsafa yake kuwa hofu ni kiini cha hisia ya utukufu, nadharia iliyowapa waandishi hao uhalali wa kifikra. Waliomfuata Walpole waligawanyika. Ann Radcliffe, katika The Mysteries of Udolpho ya mwaka 1794, humtia msomaji hofu kisha humpa maelezo ya kiakili: kilichodhaniwa kuwa cha mizimu huonekana kuwa kazi ya mikono ya watu. Matthew Lewis, katika The Monk ya mwaka 1796, hakutoa maelezo ya namna hiyo. Shetani wake ni shetani kweli. Pamoja na tofauti hiyo, wote watatu walikubaliana katika jambo moja. Vitisho vyao vilitokea Italia, Ufaransa au Hispania, katika nchi za Wakatoliki na mara nyingi katika zama zilizopita. Msomaji wa Kiprotestanti wa London aliogopa akiwa salama, kwa kuwa uovu ulikuwa wa watu wengine.

Kutoka Italia hadi Afrika

Kadiri himaya ya Waingereza ilivyopanuka, ndivyo mandhari ya kitisho ilivyosogea mbali zaidi. William Beckford aliipeleka Arabuni katika Vathek ya mwaka 1786, akichota katika hazina ya Alfu Lela u Lela. Karne moja baadaye, mwaka 1885, H. Rider Haggard aliileta Afrika. Katika King Solomon's Mines hakuna haja ya ngome, maana bara zima limefanywa kuwa ngome. Pango ambamo wafalme waliokufa wamegeuka mawe kwa maji yanayotona ndilo handaki la Kigothi, naye Gagool, mchawi kikongwe asiyejulikana umri, ndiye mlinzi wake.

Riwaya hiyo ilitafsiriwa na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929. Johnson ndiye aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili. Basi riwaya ya Kigothi iliingia katika Kiswahili pamoja na Kiswahili sanifu chenyewe, na iliingia ikiwa na sharti zito: ili Mwafrika afurahie kitisho hicho, ilimpasa asimame upande wa wageni watatu na kuitazama nchi yake kama shimo la giza.

Mwandishi wa kwanza mashuhuri wa Kiswahili kulikabili sharti hilo alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa mwaka 1960, maiti inakutwa mzimuni, nao watu wanashuku nguvu za wahenga. Bwana Msa anathibitisha kwamba muuaji ni binadamu. Hapa Abdulla yu karibu na Radcliffe. Ameirudisha hofu mikononi mwa mwenyeji, lakini kwa gharama ya kuunyamazisha mzimu.

Kitisho cha Kando ya Ziwa

Grace Ogot alizaliwa Asembo, Nyanza, mwaka 1930. Baba yake, mwalimu na Mkristo wa Kianglikana, alimsomea visa vya Agano la Kale. Nyanyake alimsimulia hadithi za Waluo. Katika jadi hiyo watoto walikusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, wakasikia habari za zimwi Apul-Apul na za Simbi Nyaima, kijiji kilichozama kwa kumfukuza mgeni. Ieleweke kuwa msimulizi wa siwindhe hakuhitaji dibaji ya uongo kama ya Walpole. Ziwa lilikuwa pale pale, na waliozama walikuwa jamaa.

Baada ya mafunzo ya uuguzi Uganda na Uingereza, Ogot alifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Maseno mwishoni mwa miaka ya 1950. Misheni hiyo, iliyoanzishwa na CMS mwaka 1906, ilikuwa chemchemi ya elimu ya magharibi mwa Kenya, na ilifundisha kwamba matambiko ni giza la kuachwa nyuma. Mwaka 1962 alisoma hadithi yake ya kafara mbele ya mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere. Katika mahojiano ya baadaye alieleza kwamba alipopeleka hadithi za aina hiyo katika Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, wasimamizi walistaajabu kuona mwanamke Mkristo akiandika habari za kafara na uganga badala ya wokovu. Mashaka hayo ni ushahidi wa kihistoria. Kitisho kile kile kilichoruhusiwa kwa kalamu ya Haggard kilionekana aibu kwa kalamu ya mwenyeji, kwa sababu hakikuwa na mgeni wa kukitazama kwa mbali.

Hadithi hiyo iliingia katika mkusanyo Land Without Thunder wa mwaka 1968 kwa jina la "The Rain Came". Ukame umeingia, inaamuliwa kuwa Oganda, binti wa mtemi Labong'o, atolewe kafara kwa zimwi la ziwani. Mfanano na Otranto uko wazi: wahenga wanadai, na binti analipa. Hata hivyo, Manfred anaua kwa tamaa, ilhali Labong'o anamtoa mwanawe kwa wajibu, naye anampenda. Yu karibu zaidi na Yeftha wa kitabu cha Waamuzi. Kinachotisha ni kwamba katika hadithi hii hakuna mtu mwovu. Jamaa wanasherehekea, na wema wao wenyewe ndio unaompeleka msichana majini. Osinda anapomwokoa na kumvika majani ili asionwe na wahenga, mvua inanyesha. Je, wahenga walidanganyika, walisamehe, au hawakuhitaji damu tangu awali? Ogot hajibu. Hatoi maelezo kama Radcliffe, wala hamleti shetani kama Lewis. Kuta za Otranto zinapoanguka sheria ya ukoo inathibitika. Mvua ya Ogot inaiacha sheria hiyo ikihojiwa.

Katika "Tekayo", mzee aliyeonja ini tamu analitafuta ladha yake kwa wanyama, asilipate hadi anapowageukia wajukuu wanaoachwa chini ya ulinzi wake. Zimwi la ngano za watoto limevaa uso wa babu. Katika "The Green Leaves", wanakijiji wanampiga mwizi na kuufunika mwili wake kwa majani mabichi. Nyagar anarudi usiku kuiba fedha za yule anayedhaniwa maiti, naye anauawa. Asubuhi majani yanapofunuliwa mbele ya askari Mzungu, anayekutwa chini yake si mgeni bali mwenzao.

Riwaya ya The Promised Land ya mwaka 1966 inalipanua suala hili. Ochola anahamia Tanganyika kutafuta ardhi, jirani mwenye husuda anamroga, na ngozi yake inaota miiba. Daktari Mzungu anashindwa. Mganga anamponya, kwa sharti la kuiacha ardhi aliyoitamani. Mtu angetazamia muuguzi aliyefunzwa London atoe ufafanuzi wa kitabibu. Ogot anakataa, na kukataa huko kunatoka kwa mtu aliyezijua wodi kwa ndani.

Hitimisho

Imeonekana kuwa riwaya ya Kigothi ilianza kwa kuhamisha hofu: kwanza kwa Wakatoliki wa Italia, kisha Arabuni, hatimaye Afrika. Ogot, aliyefariki mwaka 2015, hakuurithi utanzu huo kwa kuuiga. Alitumia chimbuko lililokuwapo siwindhe kabla ya vitabu, na kwa kufanya hivyo aliuondolea kinga yake ya zamani, yaani umbali. Baadaye Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimrudisha mzuka wa babu ili amhoji mjukuu aliyenufaika na dhuluma za sasa. Hapo pia mshtakiwa ni wa nyumbani. Mhakiki anayefundisha maandishi haya hana budi kuuliza swali moja kabla ya kuyapa jina la Kigothi: hofu hii ni ya nani, na nani anaambiwa ailipe? Swali hilo lisipoulizwa, msomaji wa Maseno atabaki kuisoma nchi yake kwa macho ya wageni watatu wa Haggard.